Pua ya Kuazima

Homa ilinipata Januari, theluji ikiwa bado juu ya mapaa ya Rasht.
Ikaniachia mapafu, ikaniachia miguu,
ikaondoka na pua.
Si pua yenyewe; hiyo ipo, inabeba miwani.
Iliyokwenda ni kazi yake.

Na mimi, miaka kumi na tisa katika majaruba ya Gilan,
kazi yangu ni mpunga unaonukia.
Sikumwambia mkurugenzi.

Mpunga wetu wa jadi una kosa moja: urefu.
Ukiuinjika, mtaa mzima unajua.
Lakini shina lake jembamba,
na Agosti upepo ukivuma kutoka Bahari ya Kaspi
unalala, mashuke matopeni,
mkulima akavuna ameinama
kama anayetafuta pete iliyomdondoka.
Ule wa kisasa ni mfupi, unasimama wima, unajaza magunia.
Upike: utanusa maji ya moto
na uvumilivu.

Kwa hiyo tunaoza.
Neno hili nalipenda kwa maana zake zote mbili,
maana harusi zetu nyingi huishia kwenye tope.
Jioni, kwa mkasi wa kukatia kucha za mtoto,
nafungua ua lisilozidi chawa,
natoa vifuko sita vya chavua, navika karatasi.
Kesho yake saa nne nakung'utia chavua ya mgeni.
Wajukuu wakizaliwa, mmoja kati ya wanne ndiye anukiaye.
Harufu ni mnyonge: hukaa nyuma ya ndugu mwenye nguvu
mpaka wanyonge wawili wakutane.

Julai nikamwita Golnesa, mpandikiza miche,
magoti yake bado yana udongo.
Vichupa tisini na sita mezani,
majani yaliyokatwakatwa ndani ya maji ya magadi.
"Nusa."
"Na wewe, daktari?"
"Nina mafua."
"Mafua tangu Januari."
Akavuta kiti.

"Majani tu," alisema.
"Majani. Maji ya mtaro.
Hiki… kuna kitu, kimeshapita.
Majani."
Kwenye cha hamsini na nane akanyamaza,
akakirudia,
akakirudia tena, macho amefumba.
"Blanketi la mama.
Alikuwa akilala ghalani wakati wa mavuno, kulinda."
Daftari langu lina safu ya harufu, sifuri hadi tatu.
Nikaandika tatu.
Blanketi halikupata safu.

Misimu saba.
Hamsini na nane akazaa mistari, mistari nikaichuja:
huyu ana baka la kuvu shingoni, mng'oe;
huyu kinuni hutoka chenga tupu, mng'oe;
huyu mzuri wa kila kitu, Golnesa akatikisa kichwa.
Nilibishana naye siku mbili.
Nikamng'oa.
Aliyebaki ananifika kiunoni. Upepo ukija
anainama kidogo, kwa adabu, kisha anasimama.

Fomu ya ripoti iliuliza: kifaa cha kupimia harufu?
Nikajaza: Golnesa Pourrajab.
Mkurugenzi akapiga simu.
"Kifaa hiki kinanunuliwa wapi?"
Hapo nikamweleza yote, tangu theluji.
Akakaa kimya muda mrefu.
"Basi jina lake liende juu," akasema,
"pale pa watafiti."

Jana nimepika kilo ya kwanza, nyumbani, peke yangu.
Nimeona punje zikijinyoosha, moja moja, bila kugandana.
Nimesikia ukoko ukitatarika chini ya sufuria.
Nimeonja chumvi, siagi, ulaini.
Nimeinamia mvuke mpaka miwani ikapofuka.
Hakuna.
Nikafungua dirisha, nikakaa, nikatazama sahani.

Kengele ya mlango ikalia.
Mtoto wa ghorofa ya juu,
amebeba bakuli tupu,
hajui aanzeje kusema.